Kioski kisichouza maji

Nilipowatangazia watoto kwamba kesho yake shuleni kutaletwa kioski cha maji, wanne walikuja na mitungi. Kosa langu. Kwa mtoto wa Kisauni, kioski cha maji ni pale anapotumwa na mamake akapange foleni. Nilichokuwa nacho mimi ni skrini kubwa ya kugusa ndani ya kabati la chuma, yenye mchezo wa kufundisha kutumia maji vizuri. Kama nawe wataka kuianza kazi hii Mombasa, tafuta jina lingine mapema. Sisi tuliishia kukiita "tivii ya maji".

Mchezo wenyewe ulikuwa umetengenezwa ng'ambo. Mvulana anajaza bafu la kujilaza, baba anamwagilia nyasi kwa mpira, nawe unagusa mfereji ufungike. Watoto waligusa, wakapata pointi zao. Kisha msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, akisha kuoga hayo maji hawayaweki ya choo?" Hapo nikajua mwenye somo ni nani.

Tukamtafuta kijana wa programu, tukaubomoa mchezo ule. Lita tukazigeuza mitungi ya 20, kwa sababu uzito wa mtungi mtoto anaujua begani. Tukaweka sauti ya Kiswahili kwa wasiojua kusoma. Maji tukayagawa mawili: ya chumvi ya kisimani na matamu ya mfereji, mtoto ayaburute kila moja hadi kwenye kazi yake: chai, choo, kupiga deki. Walichokipenda zaidi ni ramani. Unaweka kidole Mzima, kule Tsavo kwenye viboko, unalifuata bomba zaidi ya kilomita 200 mpaka kisiwani. Mengine yatoka Marere kwenye milima ya Shimba, na Baricho kando ya mto Sabaki. Wengi walidhani maji yanazaliwa kwenye tangi la jirani.

Onyesho lililozua kelele ni la usiku wa mgao. Mfereji umeachwa wazi ili maji yakija yasikike, watu wamelala fofofo, pipa linafurika hadi uani. Kila mtoto alikuwa na wa kumtaja kwao. Wiki ile nyanya mmoja alikuja kulalamika kwamba mjukuu wake anamwamsha usiku akaangalie mfereji. Nilimwomba radhi, lakini sikujuta.

Sasa mambo ya mashine. Skrini za namna hii huhisi kidole kinavyobadilisha umeme mdogo ulio kwenye kioo chake, na tone la maji huichanganya: unagusa huku, inaitika kule. Nami nilikuwa nimeiweka hatua tatu kutoka mahali pa kunawia mikono! Watoto walikuja vidole vinachuruzika, mmoja ana ukwaju wa viazi karai hadi kwenye kifundo. Ihamishe, funga kitambaa kikavu ubavuni, iweke kivulini, maana jua la saa sita haliachi kitu kuonekana. Iwe kimo cha kifua cha mtoto wa darasa la 2. Na hewa ya chumvi ya huku hula chuma, basi funika soketi na nyaya.

Wasikae mbele yake zaidi ya dakika kumi. Baada ya hapo ni kugombania zamu tu. Watoe nje na kopo. Wetu waliweka kopo la nusu lita chini ya mfereji wa shule uliokuwa ukidondoka, likajaa kwa dakika 40. Wakapiga hesabu ubaoni: lita 18 kwa siku, karibu mtungi mzima. Mwalimu mkuu, aliyepita hapo kila asubuhi bila kugeuza shingo, alimtuma mtu dukani akalete wosha, kile kipira cha ndani ya mfereji, kabla ya kengele ya mwisho.

Kesho yake walitaka kujua kwangu kuna mifereji mingapi.