Swichi zisizo na waya za taa za smart: wadogo zangu mnaoanza, someni hapa

Kabla hujamuuzia mteja swichi yoyote, zima meni (swichi kuu ya nyumba), fungua boksi la swichi ukutani uone ndani kuna nini. Nyumba nyingi nilizofanyia kazi hapa Mbeya unakuta laivu (waya unaoleta umeme) imeingia na waya mmoja unapanda kwenye taa, basi, nyutro (waya wa kurudishia umeme) imeishia huko darini. Sasa kale kamoduli ka waifai, kakifaa ka kuwashia taa kwa simu ka kuficha nyuma ya swichi, kanataka nyutro, na zile zilizoandikwa hazihitaji, ukizifunga na balbu moja ya LED ya wati 5 utazima taa alafu inabaki na kamwanga au inachezacheza, mteja anakuona huna akili.

Kosa langu kubwa lilikuwa Uyole, hapahapa Mbeya. Niliweka balbu za smart (za kuwasha na kuzima kwa app ya simu) sebule nzima, swichi za zamani nikaziacha, bibi wa pale kila jioni anazima ukutani kama alivyozoea, balbu zikikosa umeme app haizioni tena, nimeitwa mara tatu nauli yangu mwenyewe. Mwisho nikaunganisha waya mle ndani ya boksi ili balbu ziwe na umeme muda wote, nikafunika na kava, juu nikabandika kitufe cha betri cha Zigbee (mawimbi ya redio ya vifaa vya smart, yanakula umeme kidogo). Bibi anabonyeza palepale pa siku zote, kesi ikaisha.

Zigbee mi ndo naipenda, betri inakaa mwaka na zaidi na bando likiisha taa bado zinawaka, ila lazima ununue hab, kale kaboksi kanakounganisha vifaa vya Zigbee na app. Ukiwa na balbu kadhaa zinapokezana mawimbi, na hizi kuta zetu za tofali za kuchoma utaona faida yake. Hab usiibananishe na rauta, zote ziko 2.4 GHz zinasumbuana. Waifai haitaki hab lakini inakula betri, kwahiyo iache kwa swichi zinazokula umeme wa ukutani. Kuna na zile zinazojizalishia umeme ukizibonyeza, hazina betri kabisa, nzuri kwa stoo au banda la kuku, ila nyingi zinatuma tu hazipokei jibu, kama taa haijawaka yenyewe haijui.

Alafu kwenye app kuna sehemu ya kuchagua balbu ifanye nini umeme ukirudi, weka ibaki ilivyokuwa. Mi hiyo nilijifunza saa tisa usiku, umeme umerudi, simu inaita, mzee anauliza kwanini nyumba nzima imewaka.