Kabla ya Kusoma Jeni za Panya, Nunua Penseli

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Bungoma, mhitimu wa baiolojia, aliniandikia akiuliza anunue kompyuta ya aina gani ili achore mti wa nasaba wa panya wa mwituni. Nilimjibu anunue penseli kwanza. Kwa kuwa najua wengi wenu mnatamani kufika anakotamani yeye, nitaeleza sababu.

Miaka minane iliyopita niliweka mitego katika Msitu wa Kakamega, masalia ya mbali zaidi upande wa mashariki ya misitu ya mvua iliyowahi kuungana na ile ya Kongo. Panya wa msituni havuki mashamba na nyasi kwa urahisi. Msitu unapokatika, koo zake hutengana, na mabadiliko yanayojilimbikiza katika DNA ya kila upande hutuonyesha nani ni jamaa wa nani. Nilikusudia kusoma jeni ya saitokromu b, yenye herufi za DNA takriban 1,140, iliyomo katika mitokondria, yaani vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, ambazo mtoto hurithi kwa mama yake.

Vichupa vyangu 42 vya vipande vya ini niliviandikia lebo kwa kalamu ya wino. Spiriti iliyohifadhi vipande hivyo ilivuja njiani kuelekea Kisumu, ikafuta maandishi yote. DNA ilikuwa nzima, lakini hakuna aliyeweza kusema ni ya panya yupi, wa mahali gani. Msimamizi wangu alisema mbele ya wenzangu kwamba nimeua wanyama bure. Maneno hayo bado yananiuma, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Nilirudi tena. Safari hii lebo zilikuwa sawa, ila panya shamba wote niliwaita spishi ya Mastomys natalensis kwa kuwatazama tu. Mhakiki wa jarida akauliza nimejuaje kwamba hawakuwa Mastomys erythroleucus, kwani wanafanana mno kwa umbo, ingawa wa kwanza ana kromosomu (nyuzi zinazobeba DNA katika seli) 32 na wa pili 38. Sikuwa na jibu, wala fuvu hata moja la kumwonyesha. Makala ikakataliwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, andikeni kwa penseli: lebo moja ndani ya kichupa, nyingine nje. Tumieni ethanoli, yaani spiriti, ya asilimia 95, si ile iliyozimuliwa. Hifadhini fuvu na ngozi, kisha msome na jeni za kiini cha seli, maana mitokondria husimulia upande wa mama peke yake. Narudia, penseli. Asiye na subira ya kuandika lebo saa nne ya usiku, mikono ikinuka panya, asijidanganye kwamba programu ya kompyuta itamwokoa.

Mwezi uliopita makala yetu ilikubaliwa. Katika jedwali lake, kila mfuatano wa DNA una namba ile ile iliyo kwenye fuvu la mnyama wake, namba niliyoiandika kwa mkono wangu msituni, kwa mwanga wa kandili.