Maswali Yenu: Filamu au Seramiki, Kipi Kinailinda Rangi ya Gari?

SWALI: Ndugu Mhariri, naishi Dodoma na kila baada ya wiki mbili nasafiri kwenda Dar es Salaam kikazi. Gari langu nimelinunua miezi minne iliyopita, lakini tayari boneti na bampa la mbele vina alama ndogondogo za kupigwa na kokoto. Fundi mmoja ameniambia nikipiga seramiki, ile dawa ya majimaji inayopakwa juu ya rangi ikakauka, kokoto hazitaidhuru rangi tena, kwa kuwa seramiki yake ina ugumu wa 9H. Mwingine ananishauri nifunike gari zima kwa filamu, yaani plastiki angavu inayobandikwa juu ya rangi, ila bei yake imenishinda. Nimsikilize nani?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wa kwanza amekuahidi jambo ambalo seramiki haina uwezo nalo, na wa pili amekushauri ununue zaidi ya unachohitaji.

Tuanze na unene, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapochanganywa. Rangi ya kiwandani, ukijumlisha praima ya chini, rangi yenyewe na klia inayoipa mng'ao, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150 (mikroni 1,000 ni milimita moja), na karatasi ya kawaida ya kuchapia ina mikroni 100 hivi. Bati la gari lako, basi, limefunikwa kwa unene wa karatasi moja au moja na nusu, na klia peke yake haifiki nusu ya hapo. Filamu ya kinga, ambayo madukani huitwa PPF, huongeza juu yake mikroni 150 hadi 200. Seramiki ikishakauka huacha tabaka la mikroni 1 au 2 tu, pengine hata chini ya hapo. Kokoto iliyorushwa na tairi la lori, huku wewe mwenyewe ukiifuata kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, inalipita tabaka hilo kana kwamba halipo.

Filamu hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Imetengenezwa kwa poliuretani, plastiki inayonyumbuka kama raba, hivyo kokoto inapoigonga hubonyea, ikalisambaza pigo, kisha ikarudi ilivyokuwa. Asili yake haikuwa urembo: filamu za aina hii zilitumiwa na jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Vietnam kukinga mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga.

Kuhusu hiyo 9H, naomba kila msomaji atulie hapa kidogo, maana ndiyo namba inayotumiwa sana kuwauzia watu. Ni kipimo cha penseli. Mpimaji huchukua penseli za ugumu mbalimbali na kuzikwaruza moja baada ya nyingine juu ya tabaka, ili aone ni ipi itakayoacha alama. Tabaka likipewa 9H, maana yake ni kwamba hata penseli ngumu ya daraja hilo haikulikwaruza. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko penseli yoyote, kwa kuwa mara nyingi ina madini yanayokwaruza hata kioo.

Kwa safari zako, mimi ningefunika kwa filamu sehemu zinazopokea mapigo tu: bampa la mbele, boneti nzima, fenda za mbele, saitimira, taa za mbele, pamoja na ule ukanda wa chini ya milango ulio nyuma ya magurudumu ya mbele, ambako tairi zako mwenyewe hurusha changarawe. Nasema boneti nzima kwa makusudi. Wengine hufunika nusu ili kupunguza gharama, na baada ya miezi michache mstari wa vumbi hujitokeza katikati ya boneti kila anayepita akauona. Kabla ya filamu kubandikwa, alama ulizo nazo zigusishwe rangi kwanza, hasa zilizofika kwenye bati, kwa sababu kutu ikishaanza itaendelea chini ya filamu na utaitazama bila uwezo wa kuigusa.

Fedha ikibaki, piga seramiki gari zima, hata juu ya filamu yenyewe. Mpangilio ni huo, filamu kwanza na seramiki baadaye, kwa sababu seramiki hufukuza kila kinachotaka kushika juu yake, na gundi ya filamu nayo itafukuzwa.

SWALI: Bwana Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni mkazi wa Mombasa, na gari langu hulala chini ya mwembe kwa kuwa hatuna banda. Kunguru hawanipi nafasi. Kinyesi chao kimeacha madoa kwenye paa ambayo hayatoki hata kwa polishi. Je, seramiki itanisaidia? Na hewa hii ya chumvi je?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Bwana msomaji, shida yako ndiyo hasa iliyofanya seramiki iwepo. Kinyesi cha ndege kina asidi, lakini asidi ni nusu ya habari tu. Jua likipiga, paa hupata moto na klia hulainika na kutanuka kidogo. Kinyesi nacho hukauka juu yake na kujikunja, na jioni klia inapopoa na kusinyaa hubaki na umbo la kile kilichoganda juu yake. Ndiyo maana ukipitisha kidole juu ya doa la zamani unahisi kishimo, na polishi ya kawaida haikifikii. Fundi mzuri anaweza kulipunguza kwa kuisaga klia kidogo, lakini kumbuka ile karatasi niliyomweleza ndugu yetu wa Dodoma: kila msago mzito unaondoa mikroni kadhaa ambazo hazirudi.

Seramiki imetengenezwa kwa oksidi ya silikoni, jamii moja na kioo, na ikishikana na klia huchelewesha asidi kupenya na kuufanya uchafu ushindwe kung'ang'ania. Kinachopatikana ni muda. Badala ya kukimbizana na kila tone, unapata nafasi ya kulitoa kabla halijadhuru, ila ukiliacha siku mbili tatu kwenye jua la Pwani, doa litatokea hata juu ya seramiki. Weka ndani ya gari chupa ya maji na kitambaa laini cha mikrofaiba. Lowesha kinyesi, kiache dakika chache kilainike, kisha kiinue polepole. Kukikwangua kikiwa kikavu ni kuikwaruza rangi kwa mbegu na mchanga aliokula ndege.

Chumvi haina haraka na rangi nzima. Inatafuta bati lililo wazi, yaani palipochubuka, kingo za milango na uvungu. Seramiki ya juu haifiki uvunguni, kwa hiyo mwoshaji wako auoshe uvungu kwa maji mengi matamu.

Na kuhusu mwoshaji, jambo hili linaniuma. Jioni moja, gari likiwa safi na liko kivulini, washa tochi ya simu na uisogeze karibu na mlango. Ukiona mikwaruzo myembamba inayozunguka ule mwanga kama utando wa buibui, hiyo haikuletwa na barabara. Imeletwa na kitambaa kile kile kilichofuta magari kumi kabla ya lako, kikachovywa kwenye ndoo moja yenye sabuni ya unga na tope la rimu. Hakuna filamu wala seramiki itakayovumilia uoshaji huo mwaka mzima. Gari limwagiwe maji kwanza ili vumbi lishuke, lioshwe kuanzia juu kwa shampuu ya magari na glavu ya mikrofaiba, pawe na ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia glavu, na rimu ziwe na kitambaa chake. Na maji ya kisima yenye chumvi yasiachwe yakaukie juani, kwa maana huacha miduara myeupe, na juu ya seramiki miduara hiyo huonekana zaidi. Ikishatokea, siki nyeupe iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu huiyeyusha ingali mipya, kisha sehemu hiyo isuuzwe vizuri.

SWALI: Nilibandikiwa filamu miaka miwili iliyopita kwa gari jeupe. Sasa imekuwa ya manjano na kingo zimeanza kupasuka. Nimeibiwa?
Msomaji, Arusha

JIBU: Dalili ulizotaja ni za filamu ya PVC, aina nyingine ya plastiki, iliyouzwa kwa jina la PPF, au poliuretani ya kiwango cha chini. Filamu nzuri ya poliuretani hukaa miaka 5 hadi 10. Safari nyingine, kabla hujalipa, omba kipande kilichokatwa kutoka kwenye roli ile ile itakayotumika. Kivute kwa vidole: poliuretani hunyooka na kurudi, PVC hubaki imelegea. Kisha kikwaruze taratibu kwa brashi ya waya laini mpaka kififie, ukimwagie maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Nimefanya hivyo mara kadhaa na bado hunifurahisha kuiona ile mikwaruzo ikijifunga na kupotea ndani ya sekunde chache. Kipande kisichojifunga, kiache hapo hapo dukani.

Hiyo uliyo nayo itolewe mapema, kabla haijawa kavu kiasi cha kukatika vipande vipande. Ipashwe moto kwanza, kisha ivutwe polepole ikiwa imelala karibu na bati, wala isinyanyuliwe wima.

SWALI: Nimenunua gari lililotumika kutoka Japani. Kipima unene wa rangi kinasoma mikroni 120 karibu kila mahali, lakini mlango wa kushoto unasoma 310. Isitoshe, wiki mbili zilizopita fenda ya kulia iligongwa, ikapigwa rangi upya. Naweza kubandika filamu sasa?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Sehemu zinazosoma 120 ni za kiwandani, nazo hazina tatizo. Mlango huo umewahi kupakwa rangi juu ya ile ya awali. Kama msasa haukupigwa vizuri wakati huo, siku ya kuibandua filamu rangi inaweza kuondoka nayo, na fundi mwaminifu atakuambia hivyo kabla ya kuanza. Mlango haupigwi na kokoto sana, kwa hiyo mimi ningeupiga seramiki tu. Fenda mpya bado inatoa mvuke wa tina, kile kiyeyushi cha rangi; ukiifunika sasa mvuke utakosa pa kutokea na malengelenge yatajitokeza. Bandika boneti na bampa wiki hii ukipenda, lakini fenda ya kulia isubiri angalau mwezi mzima, au zaidi ikiwa aliyeipiga rangi atasema hivyo.