Ndugu wanachukua vitu vyangu bila kuniuliza, nikisema naitwa mchoyo

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Ndugu zangu ninaoishi nao wanaingia chumbani kwangu bila hodi, wanavaa nguo zangu, hata simu wanafungua wanasoma meseji. Nikilalamika naambiwa nina roho mbaya. Je napata dhambi nikiwakataza? Na naruhusiwa kufunga mlango?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Huna dhambi, na imeniuma kwamba mwenye haki ndo anaulizia dhambi, wachukuaji wametulia tu.

Kuhusu hodi watu wanadhani ni ya nyumba za majirani, ila hebu soma Surat Nur aya ya 58, hata watoto wa humohumo ndani ambao hawajabaleghe wanatakiwa waombe ruhusa nyakati 3, kabla ya alfajiri, mchana mnapopumzika mmevua nguo, na baada ya isha, halafu aya ya 59 inasema wakishabaleghe waombe kama wakubwa wao, sasa mtu mzima anasukuma mlango kwa hoja gani?

Simu ndo kubwa zaidi kwangu. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa mtu alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (s.a.w), akaambiwa kuomba ruhusa kumewekwa kwa ajili ya jicho. Kwahiyo anaesoma meseji zako mguu hajaingiza ila jicho limeshaingia, na Surat Hujurat aya ya 12 imekataza kupelelezana, undugu hauondoi hilo.

Kwenye vitu watakuletea aya ya 61 ya Nur, kwamba inaruhusu kula nyumbani kwa ndugu. Ni kweli, lakini hicho ni chakula, na wanachuoni wameifungamanisha na kujua kwamba mwenyewe yuko radhi, wewe umeshasema hauko radhi. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea Mtume akikataza mtu kuchukua kitu cha nduguye, iwe kwa utani au kweli, na aliechukua hata fimbo airudishe. Na wapo wanachuoni waliosema ukitoa kitu kwa kuona haya tu huku moyo hautaki, aliepokea sio halali yake, kwahiyo wasijifiche kwenye kunyamaza kwako.

Mlango funga, na pasiwedi weka. Waambie kwa upole kabla, mkiwa mmekaa vizuri na sio katikati ya ugomvi. Vilivyoharibika wanatakiwa wakulipe, ukiamua kuwasamehe hiyo ni hiari yako, hakuna wa kukulazimisha.

Wallahu a'alam.