Kutu kwenye fremu ya kioo cha mbele: ipigwe rangi gani kabla ya kubandika kioo?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tanga, nina Toyota Corolla 110. Mvua ikinyesha maji yalikuwa yanaingia miguuni upande wa abiria. Fundi vioo ametoa kioo cha mbele, tukakuta kutu kwenye pembe ya chini, imekula sehemu kama ya kiganja. Kioo kiliwahi kubadilishwa kabla sijalinunua gari. Fundi anataka kupiga msasa, apulize rangi ya kopo, na jioni hiyohiyo abandike kioo kwa silikoni. Nimkubalie?

Jibu: Marahaba. Msasa sawa, hayo mengine usimkubalie. Gari lilale bila kioo, lifunikeni turubai, kazi ifanyike kwa utaratibu wake.

Kioo cha gari lako hakishikwi na raba kama cha Land Rover za zamani. Kimebandikwa. Gundi inashika rangi, na rangi ndiyo inashika bati. Gundi ya vioo, ile ya poliurethani, ina nguvu sana, kwa hiyo kioo kikivutwa kitakachoachia ni rangi iliyo chini yake kama ni legevu. Na kioo hicho kina kazi kubwa: kinasaidia kulibeba paa gari likipinduka, na kwenye magari mengi eabegi (mfuko wa hewa wa kinga) ya abiria ikifumuka huegemea kioo cha mbele. Hapo kuna roho za watu, usiharakishwe.

Kutu ya namna hiyo mara nyingi huanzishwa na kisu. Fundi wa awali anakata gundi ya zamani, anakwaruza rangi hadi bati, kisha anafunika mkwaruzo na kioo kipya bila kuupaka praima, yaani rangi ya kwanza ya chini inayoshika bati. Hewa ya chumvi ya pwani inamalizia.

Kabla ya msasa, tafuteni mabaki ya silikoni. Poliurethani ya zamani haitoki mpaka uikate kwa kisu. Silikoni inabanduka kwa vidole, nyororo. Ikiwepo, itolewe yote na pafutwe kwa kitambaa chenye dawa ya kutoa mafuta, ndipo msasa ufuate. Ukianza na msasa unaisambaza ndani ya mikwaruzo, na praima ukiipuliza itafunguka vijishimo. Ile silikoni yenye harufu ya siki ni mbaya zaidi, kwani inapokauka hutoa asidi inayokula bati. Kwa kioo cha kubandikwa isitumike kabisa.

Sasa kutu. Brashi ya waya peke yake inadanganya: juu panang'aa, lakini ukisogeza jicho karibu unaona vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyonyunyizwa. Hiyo ni kutu iliyo hai, na itafufuka chini ya rangi. Pigeni msasa namba 80 mpaka vidoa viishe, kisha 180 kulainisha. Lichokoeni bati kwa ncha ya bisibisi. Likitoboka, kichomelewe kipande cha bati. Msizibe kwa puti, ule udongo wa kujazia mabonde ya bodi, maana puti haitakiwi kwenye mstari wa gundi. Mkitumia dawa ya kutu yenye asidi, iosheni kwa maji na mkaushe vizuri, praima ya epoksi itakayofuata haielewani na mabaki ya asidi.

Bati likishakuwa safi, lipigwe praima ya epoksi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), mikono miwili, yaani tabaka mbili, siku hiyohiyo. Msiliache wazi usiku kucha. Kwa hewa ya Tanga asubuhi mtalikuta limeshapiga wekundu. Praima ikikauka, zibeni kwa tepu ule mstari unaokaa gundi, upana wa kidole gumba hivi, ndipo rangi ya gari ipigwe pembeni panapoonekana kwa nje tu. Gundi ikae juu ya praima.

Rangi ya kopo naikataa kwa sababu hukauka kwa thina kuruka tu, haifungamani kama ile yenye hadina. Jaribuni wenyewe: loweka kitambaa cheupe kwa thina, sugua mahali padogo. Rangi ya kopo inahamia kwenye kitambaa. Epoksi iliyokomaa inaacha kitambaa kikiwa safi, au karibu hivyo. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye kopo la praima na kwenye maelezo ya gundi. Ikitofautiana, fuateni ile saa ndefu.

Fremu iliyobaki, isiyo na kutu, msiikwangue. Kama gundi ya kiwandani imeshika, ikateni ibaki milimita 1 au 2, gundi mpya inaipenda kuliko kitu kingine chochote. Msiipake rangi wala thina. Mikwaruzo midogo iguseni na praima nyeusi inayouzwa pamoja na gundi.

Kwenye kioo chenyewe, ule ukanda mweusi wa pembeni unaikinga gundi na jua, kwa hiyo gundi yote ikae nyuma yake. Poliurethani hukauka kwa unyevu wa hewa, na pwani mnao wa kutosha, lakini gari lisitembee kabla ya saa zilizoandikwa kwenye gundi. Acheni dirisha moja wazi kidogo na msibamize milango, hewa iliyofungiwa ndani husukuma kioo kabla gundi haijashika.

Maji ya kupima myamwage kesho yake, kwa mpira usio na presha, mkianzia chini kupanda juu, na mtu akiwa ndani na tochi miguuni pa abiria. Pakilowa tena, fungueni plastiki iliyo chini ya waipa mkague njia ya maji, kwani majani yakiziba pale, maji huingia kwa tundu la hewa hata kioo kikiwa kimeshika vizuri.