Maswali ya wasafiri: Nataka kwenda Paje peke yangu

SWALI: Dada habari za kazi. Mi ni msichana wa miaka 27, nafanya kazi Dodoma. Nimeona video za watu wanateleza baharini wakivutwa na kaiti, ile tiara kubwa, kule Paje, Zanzibar, nikasema na mimi lazima nijifunze. Kila mwaka tunapanga na mashosti, group linafunguliwa wasap, watu wanatuma stika, ikifika siku ya kuchanga hela kimya. Kwahiyo safari hii naenda mwenyewe. Likizo yangu ni mwezi wa nne na hoteli nimeona zimeshusha bei kweli kweli. Ila naogopa vitu viwili, kusumbuliwa na wanaume na bahari yenyewe, maana mi wa bara kabisa, kuogelea najua kidogo tu. Niende au nisubiri nipate mtu wa kwenda nae? – Mchovu wa Group, Dodoma

JIBU: Mdogo wangu, nenda. Ila usiende mwezi wa nne.

Hizo hoteli hazijakuonea huruma, ni masika. Kuanzia mwezi wa tatu mwishoni mpaka wa tano mvua inapiga, upepo unakuwa hauna msimamo, leo upo kesho haupo, na baadhi ya sehemu zinafunga kabisa wanapaka rangi. Kama ungekuwa unaenda kulala na kusoma vitabu ningekwambia kimbia na hiyo ofa. Lakini we umesema unataka kaiti, na kaiti bila upepo ni kitambaa cha bei ghali kimelala mchangani. Paje ina misimu miwili ya upepo, ya kusi (upepo wa kutoka kusini) kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, na ya kaskazi (wa kutoka kaskazini) kuanzia katikati ya mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili hivi. Ongea na bosi wako akuhamishie likizo, na mi ningekuwa we ningechagua mwezi wa saba, kwanza hakuna joto, alafu mwezi huo huo ndo kuna Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, kule Makunduchi ambako ni karibu tu na Paje, wanaume wanachapana kwa migomba na kibanda kinachomwa moto, siku hiyo wala hutojiona uko peke yako. Krismasi na mwaka mpya upepo upo ila bei zinapaa, labda kama umejipanga.

Sasa turudi kwenye bahari. Paje huendi kupanda mawimbi makubwa kama unayoyaona kwenye tivii. Kuna mwamba mbali kule mbele, mawimbi yanavunjikia hukohuko, huku ndani maji yanabaki yametulia na sehemu kubwa unasimama yanakufika kiunoni. Na upepo unavuma kwa pembeni kuelekea nchi kavu, kwahiyo ukishindwa kuimudu kaiti unasukumwa ufukweni, hupelekwi Somalia. Ndo maana wanaoanza wanapendelea pale. Kuogelea kidogo kunakutosha kuanzia lakini walimu wa kaiti wakikuuliza useme ukweli, na nakushauri miezi iliyobaki utafute bwawa hapo Dodoma, sio kwa ajili ya mtihani, ni ili maji yakikuingia puani usipaniki.

Kitu ambacho wageni wengi hawakiulizi mpaka wafike ni maji kujaa na kutoka. Siku za bamvua, yani mwezi mchanga na mwezi mpevu, ukishuka ufukweni kwenye saa nne asubuhi utadhani bahari imehama. Maji yametoka mbali huko, na akina mama wapo katikati ya vidimbwi wameinama wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba zilizokazwa kati ya vijiti, kijiti hapa kijiti pale, safu na safu. Ikifika saa kumi jioni hapohapo ulipopita kwa miguu pamejaa. Na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50, kwahiyo darasa la leo saa tano kesho haliwi saa tano. Wape shule ya kaiti tarehe zako wakupangie kwa kalenda ya maji, shule yoyote ya maana wanayo ukutani.

Hao akina mama naomba uwaheshimu sana. Mwani unalimwa kibiashara Paje na Jambiani tangu 1989, kabla hakuna kaiti hata moja pale, na mwani unachukua kama wiki 6 kukua mpaka kuvunwa. Kaiti ikidondokea kwenye zile kamba ukaanza kuburuzwa, umeharibu kazi ya mtu. Muulize mwalimu siku ya kwanza kabisa mashamba yako wapi. Alafu usikanyage hovyo maji yakiwa yametoka, kuna wale wadudu weusi wenye miiba kama sindano, nunua viatu vya raba vya majini kabla hujaondoka mjini.

Gharama. Kozi ya kuanza inagawanywa siku tatu nne hivi, na kwa kawaida inatajwa kwa dola, ni mamia sio makumi, kwahiyo ndo kitu cha kwanza cha kuwekea akiba kabla ya hoteli. Uliza bei ya mkaazi bila aibu, wengine wanayo ila hawaitangazi, na uliza kabisa upepo ukikataa hela yako inakuwaje. Kulala, tafuta hosteli yenye vitanda vya kuchangia chumba, kuna vyumba vya wasichana tupu, na hapo ndo utakapopata mashosti wa kweli maana kila mtu amekuja mwenyewe. Kula, usikae ufukweni kila siku. Vuka barabara kubwa uingie kijijini, chapati na maharage, wali na samaki wa kupaka, utashangaa tofauti ya bei kwa hatua chache tu. Kijijini ujistiri, kanga juu ya nguo ya kuogelea haitoshi, vaa dera au gauni la heshima, salimia wazee. We unaongea Kiswahili, ukianza na shikamoo watakuuliza wa wapi na kesho yake wanakujua.

Kufika ni rahisi. Panda feri ya asubuhi kutoka Dar, beba kitambulisho, na msimu wa kusi kunywa dawa ya kichefuchefu mapema maana chombo kinacheza haswa. Ukishuka bandarini papasi, yani wale madalali wa watalii, watakuzunguka, tabasamu, tembea. Daladala za kwenda Bwejuu zinapita Paje, barabara ni ileile ya msitu wa Jozani, tembo hakuna ila kima punju wanavuka barabara wakijisikia.

Wanaume sasa. Utasumbuliwa, nikisema hapana nakudanganya. Mabichi boi watakuja na stori, Mmasai wa bangili atakuja, mwingine atajifanya ndugu kisa na yeye kasoma Dodoma. Wengi ni biashara tu, ukisema "asante kaka, sihitaji" ukaendelea kutembea yameisha. Kwetu sisi wadada weusi kuna la ziada, unaweza ukafika mapokezi ukaulizwa umekuja na mgeni gani, kama vile huwezi kujilipia. Jibu kwa upole kuwa mgeni ni wewe, weka bukingi yako mezani. Ufukweni usitembee peke yako usiku hata kama kuna mbalamwezi, tafuta bodaboda anayejulikana na hosteli, na kwenye disko kinywaji chako kisitoke mkononi. Hayo ungeyafanya hata Dodoma.

SWALI: Mwanangu wa kike ana miaka 24 anasema anaenda hukohuko Paje peke yake kwenye kaiti. Baba yake amegoma. Mimi niko katikati. Nifanyeje? – Mama Mtu, Morogoro

JIBU: Mama, shikamoo. Mtu wa miaka 24 ukimkatalia ataenda na atakuaga kuwa yuko kwenye semina, bora mkubaliane nae masharti kabla hajaondoka. Akuachie jina la hosteli na namba ya mapokezi, sio ya kwake tu. Afike Paje jua halijazama. Ajue jina la shule anayosomea kaiti, na umuulize swali moja tu, mwalimu wake amepata mafunzo wapi na cheti anacho? Akijibu haraka ujue ameshafanya utafiti. Baba mwambie kuwa Paje ni kijiji, kuna msikiti, kuna wazee, sio jangwa la walevi.

Na ukimpigia saa kumi jioni siku ya bamvua asipokee, mama usianze kulia, muda huo maji yamejaa na simu ameiacha kwenye begi. Mpigie tena baada ya magharibi.