Jibu: Sura ya 6 inageuka hotuba

Salama dada. Umekwama hapa kwenye hadithi unayoandika: wawili wa kidato cha tatu wamependana, binti kabaki na jina baya shuleni, kijana anapigiwa makofi, na kila ukiiandika sura hiyo inakuwa hotuba ya mwalimu wa zamu paredi.

Nilikwama hapohapo. Kwanza angalia nani anayetamka kwamba hiyo si haki. Kwangu alikuwa shangazi mtu, kurasa mbili nzima! Nikamfuta. Nikaweka wasichana wanaohama dawati binti akikaa, na mwalimu anayemtania kijana, "kidume wewe". Wasomaji wakakasirika wenyewe.

Halafu mwaka wa kisa. Kama binti ana mimba na ni kabla ya Novemba 2021, Tanzania Bara alikuwa anafukuzwa shule. Baada ya hapo serikali iliruhusu arudi baada ya kujifungua. Hapo ndipo pana utamu wa hadithi, maana anarudi darasani kwa walewale waliomsema.

Ya faragha yao yaache nje, ni watoto. Kisa kiko kwenye minong'ono. Mambo ya wachapishaji sina uzoefu nayo, yangu ilisomwa na klabu ya shule tu. Weka hiyo sura hapa tuione.